Theluji Siyo Salfa

Mama mwenzangu, kama una mtoto anayepiga picha, na siku moja akakwambia anakwenda kupiga picha za theluji mlimani, mwache aende. Sitaki mtu asome haya halafu amfungie mtoto wake ndani. Ninachokuonya ni kitu kingine, nacho ni mdomo wako mwenyewe. Wangu ulikaribia kumpofusha mwanangu, na wakati huo nilikuwa nimekaa Newala, siku mbili za basi kutoka kwenye huo mlima.

Nitaeleza ilivyokuwa. Nikienda haraka mnivumilie, maana habari hii kila nikiianza moyo unanienda mbio, nusu kwa woga nusu kwa furaha, na hadi leo sijui ipi inashinda.

Mwanangu anaitwa Gift. Ana miaka ishirini na mitano na ana studio ndogo Masasi mjini, anapiga picha za pasipoti, harusi, kipaimara, na watoto wanapotoka unyagoni na jandoni. Mwaka jana mwezi wa sita alikuja nyumbani Newala siku ya Jumapili. Akatuamkia, akakaa, akala ugali wa muhogo na kisamvu bila kusema neno. Nikajua ana jambo. Huyu mtoto akiwa na jambo hula sana.

"Mama," akasema mwishowe, "kuna walimu na manesi wanakwenda kupanda Kilimanjaro likizo hii. Wako kumi na wawili. Wanatafuta mpiga picha."

"Wamempata?"

"Wamenipata mimi."

Baba yake, Gervas, akaacha kutafuna. Wifi yangu Severina, ambaye ni shangazi yake Gift na tunaishi naye, alikuwa mlangoni anachambua mbaazi. Akasema, "Kule si kuna baridi ya kuua mtu? Na huyu ukungu wa Newala tu unamlaza wiki nzima."

"Shangazi, tunavaa makoti."

"Koti la nani? Humu ndani lipo moja, la baba yako, na panya wameshalila mgongoni."

Wote wakanitazama mimi, kwa sababu wanajua mimi ndiye mwenye hofu katika nyumba ile. Mtoto akienda Ndanda tu kumwona mgonjwa, napiga simu akifika, napiga akigeuza, napiga akiwa njiani. Walingoja nikatae. Na kweli, hapana ilikuwa tayari mdomoni.

Lakini nilikumbuka kitu. Mimi nimesoma mpaka darasa la saba, na darasa la nne tulikuwa na kitabu kimoja cha jiografia kwa watoto sita. Ndani yake kulikuwa na picha ya huo mlima, una nyeupe kichwani. Mwalimu akasema ile nyeupe ni theluji, ni maji yaliyoganda. Miaka ile maji Newala yalikuwa ya kufuata bondeni. Tulikuwa tunateremka ukingo wa uwanda wetu wa juu alfajiri, tunapanda na ndoo kichwani jua limeshakuwa kali, na shingo inakuwa fupi. Nikarudi nyumbani nikamwambia mama yangu kwamba kuna mahali maji yamekaa juu ya mlima. Mama akatua ndoo yake, akasema, "Yamekaa juu, na sisi tunayafuata shimoni. Mungu naye ana mambo."

Toka siku ile nilitamani kuyaona hayo maji. Miaka arobaini. Sasa mwanangu anakwenda kuyaona, mimi nimzuie?

Nikasema, "Utanipigia picha?"

Gervas akaangalia sahani yake. "Leo jua limetokea wapi?" akasema.

Basi wakaondoka. Nilimfungia mizizi ya ming'oko ya kuchemsha na korosho za kukaanga, na koti la baba yake nimelishona mgongo. Kiongozi wao alikuwa Mwalimu Cuthbert wa Masasi, mtu mrefu, mpole. Kulikuwa na nesi anaitwa Isabela, kwao Ndanda, ambaye alinishika mkono siku ile ya safari akasema, "Mama Gift, nitamwangalia kama mdogo wangu." Nikaamini. Nilimwamini kila mtu siku ile, hata dereva.

Sasa lazima nieleze salfa, maana bila salfa hutaelewa kosa langu.

Kwetu mwezi wa sita mpaka wa nane mikorosho inachanua, na kuna ugonjwa unaitwa ubwiriunga, mweupe kama vumbi la unga. Ukiwahi maua, msimu umekwisha. Kwa hiyo tunapuliza salfa. Mtu anabeba mashine mgongoni, inanguruma, inatoa unga mpaka mti wote unapotea. Unga wenyewe ni wa manjano hafifu, lakini ukiwa hewani kwenye ukungu wa asubuhi unauona mweupe. Tunafanya alfajiri, majani yana umande na upepo haujaamka. Shamba letu linapulizwa na jirani yetu Mzee Hamudi, mwenye mashine, na mimi natembea mbele yake namwonyesha kwa mkono: huu bado, ule tayari, ule pale umeukosa.

Na salfa ina sheria zake za macho. Ikikuingia, jicho linawaka kama limetiwa pilipili. Hapo kama una miwani unaivua upesi, kwa sababu unga unaingia nyuma ya kioo unakaa humo humo unakupika. Unageukia upepo unakotoka. Unafumbua macho, hufikichi, unaacha machozi yafanye kazi. Sisi wa juu huku maji yalikuwa ya kunywa kwanza, nani angemwaga ndoo kuosha jicho? Machozi ndiyo yalikuwa maji yetu. Baba yangu alinifundisha hivyo, nami nimewafundisha wanangu. Gift aliijua sheria hii kabla hajajua kusoma.

Siku ya tano ya safari yao tulikuwa shambani, tumemaliza mistari mitatu, Mzee Hamudi ametua mashine anakohoa, Severina ametuletea uji. Simu yangu ikalia. Ni simu kubwa aliyoninunulia Gift, ya kuingiza picha. Nikafungua.

Jamani.

Sijui niseme nini. Uwanda wote mweupe, mweupe hauna doa, unakwenda mpaka macho yanachoka. Mawe meusi yametoka vichwa tu, kama watu waliojifunika shuka. Halafu mlima wenyewe, na juu yake anga ya buluu ambayo sijawahi kuiona, buluu nzito kama wino wa kalamu. Gift akaandika chini: Mama, imeanguka jana, tumeamka tumeikuta.

Severina akanipokonya simu.

"Nani kapuliza huko?" Mzee Hamudi akauliza, akichungulia begani kwa Severina. "Huyo ana mashine ya maana. Hajakosa hata mti mmoja."

"Hakuna mti huko, Mzee Hamudi."

"Basi amepoteza salfa bure."

Tulicheka mpaka uji ukapoa. Severina hakucheka. Aliikodolea picha, akaigeuza simu huku na huku, akasema, "Maji yote haya yamekaa tu. Hakuna anayechota." Yeye alibeba ndoo miaka mingi kuliko mimi. Nilimwona anapitisha kidole kwenye kioo cha simu polepole, kama mtu anayepima maji ya mtoto.

Hapo ndipo wazimu uliponipanda. Nikamtumia Gift ujumbe wa sauti: ongeza. Akaongeza. Nikasema nataka na watu. Akatuma watu, wamesimama mstari, wote na miwani myeusi mikubwa.

"Mbona wamevaa kama wanakwenda disko?" akasema Severina.

Nikatuma sauti nyingine: "Mwambie Mwalimu Cuthbert avue miwani tumwone uso." Mwalimu wa watu akavua, akapigwa picha anakunja macho, akarudisha haraka. Ningekuwa na akili ningejiuliza kwa nini haraka. Mimi niliomba nyingine. Siku ile niliomba picha mara kumi na moja, nimehesabu baadaye, sauti zote zimo kwenye simu. Nataka ya karibu. Nataka ukiishika mkononi. Nataka unyayo wako. Na kila picha Gift aliinua miwani yake juu ya paji la uso, maana huwezi kuona kioo cha simu na miwani myeusi kwenye jua lile. Aliinua, akapiga, akashusha. Kwa ajili yangu.

Jioni saa kumi akapiga simu. Alikuwa kwenye kambi yao ya mwisho, alisema kuna mwamba mmoja tu ambao mtandao unashika, na yeye amepanda juu yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Mama, macho yananiwasha. Kama yana mchanga. Kama siku ya salfa."

Mama mwenzangu, soma hapa polepole. Mtoto wangu alikuwa amezungukwa na watu wanaoujua ule mlima. Alinipigia mimi kwa sababu ni mama yake. Na mimi, badala ya kumwuliza wenyeji wanasemaje, nilijisikia fundi.

"Machoni una nini?"

"Miwani myeusi waliyotupa."

"Vua."

"Eliakimu anasema nisivue kabisa." Eliakimu ndiye alikuwa mwongozaji wao, mtu mzima wa kule kule mlimani.

"Huyo Eliakimu amepuliza salfa miaka mingapi?"

Gift akacheka. "Mama, huku hakuna salfa."

"Kitu cheupe kikipeperushwa na upepo kinaingia machoni, kiitwe salfa, kiitwe theluji. Kinanasa nyuma ya kioo hicho. Vua, geukia upepo, fumbua. Usifikiche."

"Haya mama."

"Na kesho mkifika juu unipigie yale mabarafu."

"Nitakupigia."

Nikakata simu nimeridhika, nikamweleza Gervas nilivyomsaidia mtoto. Naye akasema vizuri.

Kesho yake saa mbili asubuhi picha zilianza kuingia kutoka kileleni, moja juu ya nyingine, simu ikawa inatetemeka mkononi kama kuku aliyeshikwa. Kuna kuta za barafu kule, ndefu kuliko kanisa, na kwenye mikunjo yake kuna kivuli cha buluu. Kivuli buluu, mnasikia? Mimi nilidhani vivuli vyote duniani ni vyeusi. Kuna moja jua limechomoza na theluji yote imekuwa rangi ya bibo la korosho lililoiva. Kuna moja mawingu yako chini, watu wako juu ya mawingu, na mimi nikasimama uani kwangu nikaangalia mawingu ya Newala nikajiambia mwanangu yuko upande wa pili wa haya. Nilizunguka nyumba tatu na simu. Wanawake walikuja na watoto mgongoni. Aliyekuwa ananidai chumvi alisahau chumvi.

Ya mwisho ilikuja saa nne. Imepinda. Theluji imelala upande kama meza iliyovunjika mguu, kuna viatu vya mtu, kuna nusu ya glavu, anga hakuna.

"Hii kapiga amelewa," Severina akasema, tukacheka tena.

Halafu kimya. Saa tano, saa sita, saa saba. Nikatuma sauti: Gift, ongeza. Kimya.

Saa tisa simu ikalia, namba ya Mwalimu Cuthbert.

"Mama Gift, habari za huko. Tuko kambini, tumeshuka salama. Gift yuko hapa. Ila macho yamemfunga."

"Yamemfunga vipi, Mwalimu?"

"Hayafunguki. Akijaribu kufumbua yanamuuma sana, na haoni. Ngoja nikupe nesi."

Isabela akachukua simu. Akaniuliza, "Mama Gift, jana ulimwambia avue miwani?"

Nikaitika ndiyo.

"Sikulaumu. Nataka kujua amekaa bila miwani kwa muda gani. Hii siyo salfa, mama. Hakuna kilichomwingia jichoni. Ni jua. Theluji inalirudisha jua usoni kama kioo, na huku juu ni kali mara nyingi kuliko huko kwetu. Jicho linaungua kama ngozi inavyoungua, na mtu hajisikii mpaka saa nyingi zipite. Ule mchanga wa jana ulikuwa mwanzo wa kuungua. Ilitakiwa afunike. Sisi tumemkuta amefumbua, ameelekea upepo na jua."

"Atapona?"

"Wengi hupona siku mbili, tatu. Nimemfunga kitambaa, nampa dawa ya maumivu. Tutajua tukikifungua."

Wengi. Nililishika neno lile kama kaa la moto. Kwa hiyo kuna wachache.

Nikaomba niongee na Gift. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo iliyoniua.

"Mama usilie. Nilifanya ulivyosema. Eliakimu alinigombeza mara mbili njiani, akasema vaa miwani wewe. Nikamwambia mama yangu kasema nisivae. Akaniuliza, mama yako amepanda mlima huu mara ngapi?"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia hajapanda, lakini macho anayajua."

Nilikaa chini pale pale, kwenye majivu ya jiko.

Walimshusha siku mbili. Alitembea ameshika mkoba wa mgongoni wa Eliakimu, kitambaa usoni, na Eliakimu anamtajia njia: jiwe, ngazi, mzizi, inua mguu. Mimi huku sikupika. Severina alipika, nami nilisogeza chakula upande huu wa sahani na upande ule. Simu niliilaza kifudifudi juu ya kabati. Nilikuwa nimeona theluji yote, ya mbali na ya karibu, ya asubuhi na ya mchana. Jicho lililokuwa nyuma ya picha sikuliona hata mara moja. Picha haikuonyeshi hilo. Picha inakupa buluu na nyeupe, inakuficha anayelia machozi anapobonyeza.

Na macho kwa Gift siyo ya kuonea njia tu. Ndiyo jembe lake. Bibi harusi wa Masasi hatamwita mpiga picha wa kupapasa.

Gervas hakunilaumu. Alikaa nami ukumbini, akasema, "Ulisema unachokijua."

"Ndiyo taabu yenyewe hiyo, Baba Gift. Nilisema ninachokijua mahali nisipopajua."

Gervas aliinuka akaenda kuchukua koti lake pale lilipokuwa likining'inia, akakumbuka halipo, liko mlimani. Akarudi akakaa.

Siku ya tatu ilikuwa Jumamosi. Mikorosho haingoji huzuni ya mtu, kwa hiyo alfajiri tulikuwa shambani, Mzee Hamudi na mashine yake, mimi mbele naonyesha miti kwa mkono mzito. Severina alifuata na uji kama kawaida. Saa moja na nusu Isabela akapiga simu kutoka Moshi mjini.

"Mama Gift, nimemfungua. Maumivu yamepungua sana. Lakini anasema anaona ukungu, na mimi sijui anaona kiasi gani. Watu wote wa hapa anawajua kwa sauti, nikimwuliza huyu nani anajibu sawa. Nataka nimpime kwa kitu ambacho hakijui. Piga picha huko uliko, utume. Usiseme kuna nini. Nitapunguza mwanga wa simu nimwonyeshe kidogo tu."

Mimi, nipige picha. Nilikuwa sijawahi kupiga picha hata moja. Picha zangu zote nimepigwa na Gift. Nikamwita Severina asimame karibu na mkorosho, nikamwambia Mzee Hamudi, "Endelea kupuliza, usisimame."

"Nikae vizuri kwanza," Severina akasema, akivuta kitenge.

"Simama tu wifi, mtoto anangoja."

Nikainua simu. Na mama zangu, nilipoangalia kwenye kile kioo kidogo, nikashangaa. Miti yetu ile ile, ninayoijua mmoja mmoja, ilikuwa imekuwa myeupe. Ukungu umekaa chini, salfa imekaa juu ya majani, jua linaanza kupenya, na Mzee Hamudi anatoka ndani ya wingu kama mtu anayeshuka mlimani. Nimekaa na shamba lile miaka ishirini na nane sijawahi kuliona. Nikaelewa mwanangu anatafuta nini. Nikaelewa hata kwa nini hakuona uchungu kuivua ile miwani. Ukishashika kile kioo unasahau una mwili.

Nikabonyeza. Nikatuma.

Alama moja. Alama mbili. Zikageuka buluu. Nilisimama katikati ya mikorosho na simu kifuani, mashine inanguruma, sala ya Baba Yetu naisema inafika mkate wa kila siku inarudi mwanzo.

Simu ikalia.

"Mama." Ni Gift mwenyewe.

"Naam mwanangu."

"Naona miti. Myeupe myeupe kama kule mlimani. Ni shambani kwetu, ule wa kulia ndio ulioinama." Nilisikia anapumua. "Kuna mtu kwenye moshi, ana kitu mgongoni. Mzee Hamudi. Amevaa kofia ya baba."

Kofia ya baba. Gervas alimpa asubuhi ile ile, saa mbili hazijapita. Hakuna wa kumwambia.

"Na nani mwingine?"

"Kuna mwanamke amevaa kitenge cha kuku." Hapo akaanza kucheka. "Mama, ni shangazi, kitenge nilimnunulia mimi. Lakini mama, mbona umemkata kichwa?"

Nilicheka na kulia kwa pamoja, kamasi na salfa na machozi, mpaka Mzee Hamudi akazima mashine akaja mbio akidhani nimevuta hewa mbaya. Severina akanishika bega.

"Kasemaje? Wifi, kasemaje?"

"Kasema huna kichwa."

"Sina nini?"

"Kichwa. Anaona, Severina. Anaona huna kichwa."

Severina akaketi chini kwenye majani na kitenge chake kizuri, akamwaga uji wote.

Gift alirudi Masasi Jumatano iliyofuata. Nilikuwa stendi toka saa mbili, basi lilifika saa nane, na nilikuwa nimeshapiga simu Nanganga na Ndanda kuuliza wamepita au bado. Alishuka na miwani myeusi na koti la baba yake. Nikamwambia usivue. Akasema, "Safari hii siwezi kuthubutu, mama." Tulikaa na Isabela kivulini tukanywa soda, na macho yake akayakagua tena wiki ya pili, akasema yako salama.

Nyumbani ukutani nimetundika picha mbili. Wageni wanashangaa, kwa kuwa zile za kuta za barafu na vivuli vya buluu ziko studioni kwa Gift, watu wanakuja kuziangalia tu bila kupiga pasipoti. Mimi nilichagua ile iliyopinda, ya viatu na nusu ya glavu. Gift aliniambia alivyoipiga. Ilikuwa saa nne, macho yameshaanza kufunga, alikuwa haoni kitu, aliinua simu akaielekeza kwenye sauti ya wenzake waliokuwa wanacheka, kwa sababu nilikuwa nimesema ongeza. Pembeni yake iko ya kwangu, ya mikorosho. Wengi huuliza ipi ni theluji.

Nakuonya basi, mama mwenzangu. Mtoto akikupigia simu kutoka mahali ambapo mguu wako haujafika, akakwambia anaumwa, akakwambia ni kama kitu fulani cha nyumbani, utasikia jibu linakuja mbio ulimini. Ni tamu kulitoa. Limeze. Mwulize kwanza: wenyeji wanasemaje? Kisha mwambie afanye hivyo hivyo. Na kama unataka picha, omba moja, halafu umwache avae miwani yake.

Mwaka huu mwezi wa sita amekwenda tena, kundi lingine, mwongozaji ni Eliakimu yule yule. Juzi jioni alipiga kutoka kwenye ule mwamba wa mtandao. Akasema, mama, kichwa kinagonga kidogo. Jibu lilikuja, nawaambia kweli, lilikuja na majani yake na namna ya kuyachemsha. Nikauma ulimi.

"Eliakimu anasemaje?"

"Ninywe maji, nilale mapema, asubuhi aniangalie. Kama bado, tunashuka."

"Basi kunywa maji, ulale. Ukishuka bila picha hata moja, mimi ninazo za mwaka jana."

Severina alikuwa karibu, akachukua simu. "Gift, mwanangu, huyo Eliakimu ukimaliza mlima mlete huku, nawe uje na kamera," akasema. "Mama yako bado namdai kichwa changu."